Seli Haiendi Isikoitwa

Hotuba hii ilitolewa Nairobi mbele ya wauguzi, maafisa wa kliniki, wanafunzi wa udaktari na jamaa za wagonjwa wa moyo. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa.

Waheshimiwa madaktari, wauguzi na maafisa wa kliniki, wanafunzi wetu, na ninyi wazee wetu, akina mama na ndugu mliokuja kwa sababu nyumbani kuna mtu anayeugua moyo: hamjambo? Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kuketi nasi.

Tumekutana kwa sababu ya swali ambalo jamaa za wagonjwa huuliza kila mara. Je, seli shina, yaani seli zinazoweza kugawanyika na kuzaa seli za aina nyingine, zinaweza kuuponya moyo? Swali ni zuri. Linalosikitisha ni majibu wanayopewa huko nje: vidonge vya “seli shina” vinavyouzwa mkono kwa mkono, sindano za “seli shina”, safari ya ng’ambo ya kuwekewa “seli shina”. Kuna familia zinazouza shamba kwa ajili ya hayo. Basi leo tutalijibu swali hili taratibu, toka mwanzo, tukijua kila hatua inafanyaje kazi na inaharibikia wapi.

Tuanze na moyo wenyewe. Chumba cha chini cha kushoto, kile kinachosukuma damu mwili mzima, kina seli za misuli kati ya bilioni 2 na bilioni 4. Mshtuko mkubwa wa moyo unaweza kuua kama bilioni 1 kwa muda wa saa chache. Mahali pake huota kovu. Kovu ni imara, huuzuia ukuta usipasuke, lakini kovu halipigi. Misuli iliyobaki hubeba kazi ya iliyokufa, chumba hutanuka, na baada ya miezi au miaka mgonjwa anavimba miguu na hawezi kulala bila mito mitatu.

Je, moyo hauwezi kuzaa seli nyingine? Kwa miaka mingi jambo hili lilibishaniwa bila kipimo cha kukata ubishi. Kipimo kilitoka mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia angani kwa majaribio. Milipuko ile iliongeza hewani kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi. Mimea ikaivuta, mifugo ikala mimea, watu wakala vyote viwili. Mwaka 1963 ukatiwa saini mkataba wa kukomesha majaribio ya angani, na kiwango cha kaboni-14 kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka. Sasa, seli inapozaliwa, DNA yake hubeba kaboni-14 ya kiwango cha wakati ule, na haibadiliki tena. Jonas Frisén na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, wakapima DNA ya seli za misuli ya moyo kutoka kwa watu waliofariki, wakalinganisha na mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja. Mwaka 2009 wakatoa jibu: mtu wa miaka 25 hubadilisha karibu asilimia 1 ya seli hizo kwa mwaka, na mtu wa miaka 75 hafikishi hata nusu ya asilimia 1. Kwa maisha yote, chini ya nusu ya seli hubadilishwa.

Pigeni hesabu wenyewe. Aliyepoteza robo ya misuli kwa asubuhi moja, asilimia 1 kwa mwaka itamfikisha wapi?

Ndiyo maana macho yakageukia uboho wa mifupa, ambako seli shina zipo kwa wingi na hufanya kazi usiku na mchana kutengeneza damu. Wazo lilikuwa jepesi: zitoe huko, zipeleke moyoni. Lakini ndugu zangu, seli haiendi isikoitwa. Na hapa ndipo somo letu lilipo.

Wito huanzaje? Mshipa wa moyo ukiziba, oksijeni hukatika. Ndani ya seli kuna protini iitwayo HIF-1. Oksijeni ikiwepo, sehemu yake moja huwekewa alama ya kuharibiwa na kuvunjwa kwa dakika chache tu baada ya kutengenezwa. Vimeng’enya vinavyoweka alama hiyo vinahitaji oksijeni ili vifanye kazi. Oksijeni ikikosekana, alama haiwekwi, HIF-1 inalundikana, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi kwa mpigo. Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin ndio waliofumbua utaratibu huu wa seli kuhisi oksijeni, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Jeni mojawapo inayowashwa hivyo hutengeneza protini ndogo iitwayo SDF-1, na siku hizi vitabu vingi huiita CXCL12. Katika umbo lake la kawaida ina asidi amino 68 tu. Seli za ukuta wa mishipa katika eneo lililokosa hewa huitoa, nayo hushikamana na ukuta huo. Seli shina za uboho zina kipokezi cha protini hiyo juu ya ngozi yake. Kipokezi kinaitwa CXCR4. Wanafunzi, mkisahau mengine yote ya leo, shikeni majina haya mawili: SDF-1 ndiyo inayoita, CXCR4 ndiyo inayosikia.

Lakini je, seli inajuaje upande wa kwenda? Mtu akishuka kwenye matatu karibu na Kenyatta Market saa saba mchana, hana haja ya kuuliza nyama inachomwa wapi. Harufu inazidi kwa kila hatua na pua inampeleka. Lakini harufu hiyo ikitanda mtaa mzima kwa nguvu ile ile, pua haitamwambia akate kulia au kushoto. Kwa seli ni vivyo hivyo. Upande wake mmoja ukipata SDF-1 nyingi kuliko wa pili, vipokezi vya upande huo huamsha ishara ndani, nyuzi za aktini hujengeka mbele, sehemu ya nyuma hujikunja, na seli husogea. Kinachoongoza ni tofauti ya kiwango kati ya hapa na pale. SDF-1 ikifurika kila mahali, seli humeza vipokezi vyake ndani na kuacha kuitikia. Ni rahisi kushindwa hapa: kufikiria wingi na kusahau tofauti ya wingi.

Safari ya kutoka kwenye damu kuingia kwenye misuli ina hatua zake. Kwanza seli hupunguzwa mwendo na protini za selektini ukutani mwa mshipa, ikawa inabingirika. Kisha SDF-1 iliyo ukutani hapo huiamsha protini yake ya kushikia, integrini VLA-4, nayo hujishikiza kwa nguvu kwenye protini ya ukuta iitwayo VCAM-1. Mwisho hujipenyeza katikati ya seli za ukuta na kuingia ndani. Hatua moja ikikosekana, seli inapita na damu na kwenda zake.

Nguvu ya wito huu ilionekana mapema, hata kabla haujahusishwa na tiba. Mwaka 1996 watafiti wa Japani walizalisha panya wasio na jeni ya SDF-1. Uboho wao ulikosa seli za kutengeneza damu, na ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini vya moyo ulibaki na tundu. Hawakuishi.

Sasa tatizo la kwanza: wito hauchukui muda mrefu. Mwaka 2003 kikundi cha Marc Penn huko Cleveland, Marekani, kilichapisha matokeo ya kazi yao kwa panya. Baada ya mshtuko wa moyo, SDF-1 ilipanda, na kabla ya wiki moja kwisha ilikuwa imeshuka. Wakachukua panya ambao mshtuko wao ulishapita wiki nyingi, wakawapa dawa ya kutoa seli shina kwenye uboho. Moyo haukupata faida. Kisha wakapandikiza moyoni seli zilizotiwa jeni ya SDF-1, wakatoa dawa ile ile. Safari hii seli zilifika na moyo ukasukuma vizuri zaidi. Dawa ile ile, uboho ule ule, panya wa aina ile ile. Kilichoongezwa ni wito.

Tatizo la pili: uboho haukubali kuziachia seli zake. Na hapa kuna kisa kinachopaswa kufundishwa katika kila chuo cha tiba. Virusi vya Ukimwi, ili viingie kwenye seli, hutumia CD4 pamoja na kipokezi kingine, na katika aina fulani za virusi kipokezi hicho ni CXCR4. Watafiti wakatengeneza dawa ya kukiziba, iliyoitwa AMD3100. Walipowapa watu wa kujitolea, waliona jambo la ajabu: chembe nyeupe za damu ziliongezeka ghafla ndani ya saa chache, na miongoni mwake zikawemo seli shina. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya uboho kuna SDF-1 nyingi, na ndiyo inayozishikilia seli shina humo kupitia CXCR4. Ukiziba kipokezi, zinaachiwa. Dawa haikufaa kwa Ukimwi, kwani haifyonzwi ikimezwa. Lakini mwaka 2008 iliidhinishwa Marekani kwa jina la pleriksafori, ikitumiwa pamoja na G-CSF, dawa nyingine ya kutoa seli kwenye uboho, kukusanya seli shina za wagonjwa wa saratani ya limfoma na ya mieloma. Hudungwa chini ya ngozi, miligramu 0.24 kwa kila kilo ya uzito, kama saa 11 kabla ya kukusanya.

Sasa niulizeni: dawa inayozitoa seli kwa kuziba CXCR4, seli hizo zitasikia wito wa moyo kwa kipokezi gani?

Mnaona mtego ulipo. Na G-CSF nayo ina mtego wake. Yenyewe huamsha vimeng’enya ndani ya uboho vinavyokata SDF-1 na kukata CXCR4 pia. Seli zinatoka kwa wingi, ila uwezo wake wa kuitikia SDF-1 umepungua. Majaribio ya G-CSF kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo, kama REVIVAL-2 ya Ujerumani na STEMMI ya Denmark, yote mawili ya 2006, yalionyesha damu imejaa seli shina huku nguvu ya moyo ikiwa sawa na ya waliopewa dawa bandia, yaani ile isiyo na kitu ndani, ya kulinganishia tu.

Tatizo la tatu linawahusu wengi hapa ndani, kwa kuwa kisukari na presha ndivyo vinavyojaza kliniki zetu. Katika damu na juu ya seli nyingi kuna kimeng’enya kiitwacho DPP-4. Hukata asidi amino mbili kwenye ncha ya SDF-1. Mbili tu kati ya 68! Lakini ncha hiyo ndiyo inayoamsha kipokezi. Ikikatwa, SDF-1 inaweza kukaa kwenye CXCR4 bila kuiamsha, na huku imeziba nafasi. Wenye kisukari watalitambua jina DPP-4, kwa kuwa dawa za jamii ya gliptini, kama sitagliptini, kazi yake ni kukizuia kimeng’enya hiki. Basi wanasayansi wa Munich wakafikiri: tuwape wagonjwa wa mshtuko wa moyo G-CSF itoe seli, na sitagliptini iukinge wito usikatwe. Hoja ni nzuri, na katika panya ilifanya kazi. Kwa binadamu, katika jaribio lililoitwa SITAGRAMI, nguvu ya moyo haikuzidi ya wale wasiopewa.

Kwa hivyo, ninyi mnaotumia sitagliptini, endeleeni nayo kwa ajili ya sukari kama mlivyoandikiwa, na asije mtu akawauzia kwa jina la kutengeneza moyo. Na daktari mwenzangu, kumbuka kuwa gliptini si zote sawa: katika jaribio la SAVOR la 2013, lenye wagonjwa 16,492, saksagliptini iliongeza kulazwa kwa kushindwa kwa moyo kwa asilimia 27. Sitagliptini ilipopimwa katika TECOS mwaka 2015 haikuonyesha ongezeko hilo.

Labda mtu atasema: tuachane na wito, tuzimwage seli moja kwa moja kwenye mshipa wa moyo. Imefanywa. Huko Hannover mwaka 2005 walitia seli za uboho alama ya mionzi, wakazipitisha kwa mrija hadi kwenye mshipa uliozibuliwa, kisha wakapiga picha baada ya saa moja hivi. Katika misuli ya moyo zilibaki kati ya asilimia 1.3 na 2.6. Nyingine nyingi zilikutwa kwenye ini na wengu. Zilipelekwa mpaka moyoni na bado hazikukaa! Kwa wale waliochujiwa seli zenye CD34, protini inayotambulisha seli shina za damu, zilizobaki zilikuwa kati ya asilimia 14 na 39.

Wengine wakajaribu kurudisha wito wenyewe. Katika STOP-HF, wagonjwa 93 wenye moyo uliodhoofika walidungwa jeni ya SDF-1 ndani ya misuli ya moyo. Baada ya miezi minne, umbali wa kutembea kwa dakika sita na hali ya maisha havikuzidi vya waliopewa dawa bandia. Jaribio kubwa la Ulaya la seli za uboho, BAMI, lilipangwa kwa wagonjwa 3,000, likapata 375, na halikuonyesha kupungua kwa vifo.

Na hizo chache zinazofika, hufanya nini? Hili ndilo jambo lililochukua muda mrefu kuliko yote kunyooka, na limewagharimu wagonjwa.

Mwaka 2001 makala katika jarida la Nature ilidai kuwa seli za uboho zilizodungwa kwenye moyo wa panya zimegeuka misuli mipya ya moyo. Dunia ilichangamka. Kabla ya miezi mingi kwisha, wagonjwa walikuwa wanadungwa. Mwaka 2004, vikundi viwili tofauti, katika jarida lile lile, vikarudia kazi hiyo vikitumia alama za jeni zisizodanganya: seli za uboho zilibaki kuwa seli za damu. Hazikugeuka misuli. Maabara ya Piero Anversa, iliyokuwa nyuma ya dai la kwanza, iliendelea kudai pia kwamba moyo wenyewe una seli shina za kuujenga upya. Mwaka 2018 Chuo cha Tiba cha Harvard na hospitali ya Brigham walipendekeza makala 31 za maabara hiyo zifutwe, kwa kuwa data zake zilikuwa za uongo au zimechezewa. Wanafunzi, msipite haraka juu ya hili. Nyuma ya makala hizo kulikuwa na wagonjwa halisi waliodungwa kwa kuamini.

Basi ile nafuu ndogo iliyoonekana katika baadhi ya majaribio ilitoka wapi? Kwa sehemu, seli zilizofika hutoa molekuli zake, kama VEGF na HGF, zinazohifadhi seli zilizo hatarini na kuchochea mishipa midogo. Lakini mwaka 2020 Jeffery Molkentin na wenzake wa Cincinnati walionyesha jambo zito zaidi. Waliwadunga panya seli shina hai kando ya jeraha la moyo. Moyo ukapata nafuu. Wakawadunga wengine seli zilizouawa. Moyo ukapata nafuu. Wakawadunga wengine zaimosani, kipande cha ukuta wa hamira, kitu kisicho seli kabisa. Moyo ukapata nafuu. Walipoondoa makrofaji, zile seli za kinga zinazosafisha jeraha, nafuu ikatoweka. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hufanywa na kinga ya mwili, inayokuja kuliboresha kovu. Hakuna misuli mipya iliyozaliwa.

Sasa turudi kwenye yale matangazo. Mkiletewa kidonge cha seli shina, ulizeni kilihifadhiwaje. Seli shina hai za binadamu huhifadhiwa kwenye nitrojeni kioevu, ambayo huchemka kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, zikiwa zimetiwa kemikali ya kuzuia chembe za barafu zisizipasue. Zikiyeyushwa, hutumiwa kwa muda mfupi. Kidonge kilichokaa kwenye rafu Nairobi kwa miezi hakina seli hai hata moja. Na kama zingekuwemo, asidi ya tumbo na vimeng’enya vya utumbo vingezimeng’enya kama chakula kingine. Mkiambiwa ni sindano, ulizeni: seli za nani, ngapi, za aina gani, zimepimwa bakteria wapi, kamati gani ya maadili imeidhinisha jaribio, na kwa nini mgonjwa ndiye anayelipa? Katika utafiti wa kweli mgonjwa hanunui dawa inayopimwa.

Na fedha hizo, kama zipo, zina kazi hapa hapa. Kifua kikibana kwa uzito, maumivu yakienda mkononi au tayani, jasho likitoka, usingoje asubuhi. Tafuna aspirini miligramu 300 kama huna mzio nayo wala hutoki damu, na nenda kwenye kituo chenye kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, usiende kwanza kwa duka la dawa. Wauguzi, ECG ipigwe ndani ya dakika 10 baada ya mgonjwa kufika. Ikionyesha mshipa umeziba kabisa na hospitali yenye uwezo wa kuuzibua kwa mrija haifikiki ndani ya dakika 120, apewe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda pale pale, kama hakuna kizuizi. Mkihesabu dakika, hesabuni na foleni ya Mombasa Road na ya Waiyaki Way. Ramani haijui mvua ya Aprili. Misuli inayoweza kuokolewa katika saa mbili au tatu za kwanza, ikipotea, hakuna seli shina iliyoweza kuirudisha baadaye.

Je, hakuna matumaini basi? Yapo, na yametoka upande mwingine. Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwa panya, na 2007 kwa binadamu, kwamba seli ya kawaida ya ngozi inaweza kurudishwa iwe seli shina, na kutoka hapo watafiti wakajifunza kuikuza iwe misuli ya moyo inayopiga ndani ya sahani ya maabara. Huko Göttingen, Ujerumani, wanakuza vipande vya misuli hiyo na kuvishona juu ya moyo uliodhoofika. Matokeo ya nyani na ya mgonjwa mmoja yalichapishwa katika Nature mwaka 2025: misuli ilikuwa hai na mishipa ya damu ilikuwa imeingia ndani yake. Hawakungoja seli zisafiri, walizishona. Bado ni utafiti, na mgonjwa hulazimika kutumia dawa za kukandamiza kinga. Na kipande kikiwa kinene, katikati yake hufa kwa kukosa hewa kabla mishipa haijafika. Hivyo hata hapa swali la wito linarudi: ni ishara gani zinazoita mishipa, kwa kiwango gani, na kwa siku ngapi?

Sasa ni wakati wa maswali. Tuanze na wauguzi wa wodi, maana wao ndio wanaoulizwa haya na jamaa saa nane za usiku.